Jiwe la Kwa Bibi

Katika milango yote niliyoisugua Uingereza, ule niliousugua kwa bidii zaidi ulikuwa haufunguki. Una kitasa cha shaba, una tundu la barua, una namba yake, una kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kwa miguu ya watu, lakini nyuma yake pana ukuta. Siku ya kwanza nilibisha hodi, nikangoja, nikabisha tena. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi ananitazama tu, mpaka aliposhiba kucheka ndiyo akaniambia kuwa hapo hapana mtu.

Pale palikuwa ni nyumba za wakfu. Waingereza wana jina lao, mimi naziita nyumba za wakfu kwa sababu ndivyo zilivyo. Tajiri mmoja wa zamani khasa, katika mji mdogo, alijenga vijumba vyembamba vimeshikana, vimezunguka ua kwa pande tatu, upande wa nne ukuta na geti la chuma. Akavitoa kwa wazee maskini wa mji ule, wakae bure mpaka wafe, wakifa waingie wengine. Kila kijumba mlango wake, dirisha lake na dohani yake ya moshi, ndefu kupita kiasi, ukitazama kwa mbali utadhani pana kiwanda.

Sasa vijumba vile vilikuwa chumba kimoja chini na kichumba kimoja juu. Zama zile maskini hakuhitaji zaidi, maji anateka uani na haja anamalizia nyuma. Wakati ulipobadilika, wakaona si vizuri mzee wa miaka themanini atoke na theluji kwenda chooni. Wakavunja ukuta baina ya kila vijumba viwili, vikawa kimoja, wakatia jiko na bafu. Lakini nje walikuwa hawana ruhusa ya kugusa kitu. Kwa hivyo kila mlango wa pili ukabaki kwa ajili ya sura. Msimamizi akanambia nisugue yote sawasawa, mtu akipita asijue upi unafungua na upi haufungui.

Mimi nimesoma chuoni, chuo cha Kurani, na skuli nimeishia darasa la tatu Unguja, kwa hivyo wanaosoma haya wasitafute mpango. Nilimfuata mume wangu Uingereza, yeye alikuwa kiwandani, mimi nikapata kazi ya usafi pale, na nimeifanya kwa miaka mingi. Nikawatazama mafundi wao nao. Ukuta wa matofali mekundu ukilika, walikuwa wanaujaza chokaa, simenti hawataki kuisikia, wanasema simenti inakaba tofali, linashindwa kutoa maji, mwisho linamumunyuka. Madirisha yao yana vioo vidogo vidogo vya pembe nne kama halua iliyokatwa, vimeshikwa na mikanda ya madini ya risasi, na kioo kimoja kikivunjika anaitwa mtu kutoka mji mwengine. Mimi nikiona upuuzi. Nyumbani kwangu dirisha lilivunjika tukatia karatasi ya boksi, tukaendelea na maisha.

Juu ya geti palikuwa na jiwe kubwa. Limechongwa jina la yule tajiri, na mwaka, na nembo yake yenye ndege. Yule mzee wa benchi alikuwa mshona nguo zamani, hana mke hana mtoto. Siku moja tulishazoeana, nikamuuliza, huoni haya kupita kila siku chini ya jiwe lile, watu wakajua unakaa kwa sadaka? Akanitazama kama nimemuuliza kitu cha ajabu. Akasema, "Jina lile ni lake, si langu." Akaendelea na gazeti lake. Mimi nikaendelea na shaba yangu.

Haya nnayaeleza kwa sababu ya wifi yangu.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Mume alipofariki mimi nilihamia huku Oman kwa mwanangu, tunakaa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Wifi yeye anakaa Maskati, Maskati yenyewe ya ndani ya ukuta, ambako siku hizi pana kasri na wizara na watalii wenye kofia, na wakaazi utawatafuta. Nyumba anayokaa ni wakfu. Aliiweka bibi yao wa zamani, mwanamke aliyekuwa na mikarafuu yake Pemba, akanunua nyumba ile kwa pesa zake, akaitoa kwa wanawake wa ukoo na wengineo wasiokuwa na wa kuwaweka. Mjane, aliyeachwa, asiyeolewa akafiwa na wazee wake. Akaweka sharti mbili. Nyumba isiuzwe, na jina lake lisitajwe popote. Na kweli halitajwi, mimi mwenyewe nimeolewa humo na silijui.

Kwa hivyo katika ukoo ule hakuna anayesema fulani anakaa kwenye wakfu. Wanasema yuko kwa bibi. "Fulani yuko wapi siku hizi?" "Yuko kwa bibi." Basi. Aliyeambiwa ameshafahamu, na haulizi zaidi, na akikutana na mtu mwenyewe anamwambia, nisalimie kwa bibi. Bibi amekufa zamani za kale, lakini mtu ana kwao. Wifi yangu aliachwa angali kijana, hakuzaa, akaingia mle na hakutoka. Alikuta wanawake wamejaa hata ngazini. Sasa wengine wamekufa, wengine watoto wao wamejenga majumba makubwa wakawachukua. Amebaki peke yake na paka.

Nyumba ni ya mawe na udongo, nyeupe nje, kuta zake nene unaweza kulala dirishani. Vyumba ni vyembamba kama ukanda, kwa sababu boriti za dari ni miti ya mikoko iliyoletwa kutoka kwetu, na mkoko una urefu wake, huwezi kuuomba ukuongezee. Nyumba imepimwa kwa mti. Juu ya boriti pana mikeka ya makuti, juu yake udongo. Inakaa miaka na miaka ila usiiletee mvua. Na mvua ikaja, ile ya upepo, barabara zikawa mito, na dari ya chumba kimoja cha wifi ikaanguka chini yote. Mwenyewe alikuwa jikoni anakaanga samaki. Alipopigiwa simu alisema, "Chumba kimeshuka," kama anayesema mgeni ameshuka kwenye gari.

Mwanangu ni muhandisi, na ndiye msimamizi wa wakfu ule baada ya baba yake. Akenda kutazama, akarudi amechafuka mpaka kope.

"Mama, nyumba nzima inataka kutengenezwa. Shangazi inabidi ahamie kwetu. Miezi michache tu."

Nikamwambia kamwambie mwenyewe. Nikapanda gari nikenda naye, kwa sababu nilijua patakuwa na maneno na sikutaka kuhadithiwa.

"Sitoki," wifi alisema.

"Shangazi, dari itakuangukia."

"Ishaanguka. Haikuniangukia. Wewe mwanangu nikikupa funguo leo, kesho watakuja hao ndugu zako na akili zao. Nyumba haina mtu, tuifanye mkahawa, tuuze kahawa kwa Wazungu. Si mmoja wao alishasema harusini?"

Na kweli ilisemwa, mimi nilikuwa meza ileile.

"Nikitoka sitorudi," wifi akasema. "Nitakwenda kufia kwenye chumba cha wageni, natazama televisheni."

Ndipo nilipowaeleza walivyofanya kule Uingereza. Kule nako wazee walikataa kutoka, wakisema wakitoka hawatorudi. Basi wakaanza na kijumba kimoja kilichokuwa kitupu. Kilipokwisha, jirani akahamia humo na kitanda chake, wakatengeneza cha jirani. Wakenda hivyo mpaka wakamaliza ua mzima, na hakulala mtu nje.

"Wallahi wewe," wifi akanambia, "umekwenda Ulaya kusugua milango ya watu, umerudi kunipangia vyumba."

"Basi kaa chini ya tundu, unyeshewe na mvua."

"Nitahama chumba. Nyumba sihami."

Ikawa hivyo. Mafundi wa Kihindi wakaingia, wifi na kitanda chake wakawa wanahama chumba baada ya chumba, na paka nyuma. Kipindi chote cha baridi. Mwanangu alitaka kutia vyuma darini, watu wa idara inayoangalia majumba ya zamani wakamkatalia, akawa anazunguka kutafuta boriti kuukuu kwenye majumba yaliyobomolewa. Ukutani pia walitaka saruji, na hapa nilichanganyikiwa, kwa sababu saruji ya kwetu ni simenti ya mfuko, na saruji ya Waomani ni udongo unaochomwa kwa moto ukasagwa, ndio waliojengea tangu zamani. Mambo yaleyale ya chokaa ya Waingereza. Siku hizo nikimpelekea wifi chakula, au nikimtuma mama wa Kitanga anayenisaidia nyumbani, na kila tukienda tunamkuta chumba chengine, vumbi limemjaa, anawaamrisha mafundi kwa Kiarabu, Kihindi na Kiswahili katika sentensi moja.

Nyumba ikamalizika. Nzuri, siwezi kusema uongo. Boriti zimepakwa mafuta, kuta nyeupe, choo kipya karibu na chumba cha kulala. Wifi akarudi chumba chake kilekile. Hapo mambo yangekwisha, lakini nyumbani kwangu juu ya televisheni nnayo picha. Ni ya ule ua wa Uingereza, wazee wamepanga mstari mbele ya milango, na geti na jiwe lake linaonekana. Mwanangu ameiona tangu mdogo, ila sasa alikuwa anaitazama kama muhandisi.

"Wenzetu wanajua kuhifadhi, mama. Angalia. Wameandika. Mtu akipita anajua hapa ni wakfu, hapana wa kuja kudai. Sisi kwetu hapana hata herufi moja. Shangazi akifa, nani atajua?"

Maneno yake yalikuwa na akili, na mimi nilikuwa nachambua mbaazi.

Akenda Ruwi kwa mchonga mawe, akarudi na jiwe jeupe zuri, la Kiarabu juu na Kiingereza chini. Wakalitia juu ya mlango. Tulikuwepo wote siku hiyo, wifi katoka barazani kavaa vizuri, kwa sababu aliambiwa kuna kitu cha nyumba kinatiwa. Akalisoma Kiarabu chake taratibu, kwa sauti, kama tulivyofundishwa chuoni. Hii ni nyumba ya wakfu, kwa wajane na mafukara.

"Mafukara," akarudia.

"Ndiyo lugha ya wakfu, shangazi," mwanangu akasema.

"Naam. Mmechonga vizuri." Akaingia ndani, akatuletea kahawa.

Siku chache baadaye mama wa Kitanga alirudi na chakula nilichomtuma kupeleka, sufuria haijafunguliwa.

"Mama, yule bibi kafunga mizigo. Anasema anahamia huku. Na kuna gunia la mchele pale mlangoni, ananiambia nilibebe, nikamwambia bibi, mimi mgongo sina."

Nikampigia mwanangu akiwa kazini, akaja kunichukua, tukenda kwa ile njia ya pwani. Tukamkuta wifi amekaa kwenye sanduku ukumbini. Mabunda yake ya kanga yamepangwa, yamefungwa mafundo juu ya mafundo. Paka yumo kwenye kapu.

"Kulikoni, wifi?"

"Hapana kitu. Alikuja mwanamke, gari yake kubwa, mtu mzuri, kajifukiza udi. Kanipa gunia la mchele na nguo za watu. Kanambia, chukua mama, utuombee dua, tumeona jiwe tukajua hapa panahitaji. Nikapokea. Nikamwombea dua."

"Ungemwambia huhitaji," mwanangu akasema.

"Nimwambieje, na imeandikwa? Nibishane na jiwe?"

Nimemjua wifi kwa miaka mingi na sijamwona kulia, na siku hiyo pia hakulia. Alikuwa anaeleza kama anayesoma khabari za hali ya hewa. Tangu kuingia kwake mle kijana, hajapata kuletewa kitu na mtu asiyemjua. Wanaoleta ni ndugu, na wanaleta kwa bibi. Samaki wa kwa bibi, tende za kwa bibi.

Mwanangu akachutama mbele yake. "Shangazi, nisikilize. Jiwe lile ndilo linalokulinda. Wewe mwenyewe ulisema wataifanya mkahawa. Hawawezi, imeandikwa ukutani."

"Wakfu si umeandikwa kwa kadhi?"

"Umeandikwa. Nani anakwenda kusoma kwa kadhi?"

"Basi jiwe libaki, lilinde nyumba. Mimi nakwenda kwako. Si ulikuwa unanitaka? Kile chumba cha wageni kina dirisha?"

Mwanangu akanigeukia mimi. "Mama, si wewe ulisema kule Uingereza wazee wanapita chini ya jiwe na hawajali?"

Hapo ndipo nikamkumbuka yule mshona nguo, na jibu lake. Nikamwambia mwanangu, "Lile lina jina la tajiri. Hili lako lina jina la nani?"

"Bibi alikataza jina lake. Ningeandikaje?"

"Ndiyo maana," wifi akasema, bado kakaa juu ya sanduku. "Aliyetoa mmemsitiri, anayepokea mmemwanika. Kwa hivyo mimi ndiye niliyechongwa pale juu."

Mwanangu alikuwa amelitii neno la bibi sawasawa, na ukiliondoa jina la mwenye kutoa, kilichobaki kuandikwa ni wenye kupewa tu. Yeye hakukiona hicho, wala mimi sikukiona, na nililitazama jiwe lile siku ya kwanza nikazisifu herufi zake. Wangeweza kuandika jina la bibi wakavunja sharti. Wangeweza kuling'oa jiwe, na wale wa mkahawa wapo. Mwanangu alitoka nje akasimama njiani, mikono kiunoni, anatazama juu. Mimi nikabaki na wifi. Nikamuuliza ule mchele ni wa aina gani. Akasema basmati, mzuri.

Baada ya muda tukasikia anasema kwenye simu na yule fundi mkubwa wa Kihindi. Fundi akaja na ngazi na patasi. Mwanangu akaingia ndani.

"Shangazi, nikiligeuza?"

"Ukiligeuza vipi?"

"Maandishi yaangalie ukutani. Huku nje uso mtupu."

Wifi akafikiri. "Sasa litalinda nini, kama hapana wa kulisoma?"

"Atalisoma atakayeivunja nyumba. Akishaling'oa tu, litamsomesha. Wengine hawana haja."

"Na fundi yule asilivunje. Anapiga kama ana ugomvi."

Fundi hakulivunja. Kona moja ililika kidogo, akaiziba kwa chokaa. Alikuwa anatingisha kichwa, maana katika kazi yake yote hajapata kulipwa kuficha maandishi, na alimuuliza mwanangu mara mbili kama ana uhakika. Likarudi juu ya mlango, jeupe, halina kitu. Watalii wawili walikuwa wamesimama wakipiga picha shughuli nzima. Mwanangu akalitazama, akanambia limekuwa kama ule mlango wangu wa Uingereza. Nikamwambia ule ulikuwa na shaba, hili halitaki hata kusuguliwa.

Wifi hakutoka kulitazama. Alisema atalitazama akienda sokoni. Alifungua kapu, paka akatoka na hasira zake akapanda ngazi. Kisha akajaribu kufungua lile bunda la kwanza, vidole vyake vya siku hizi havishiki, akanisukumia.

"Nifungulie. Nimefunga kama nnakwenda Hijja."

Nikavua miwani, kwa sababu mafundo nnayafungua vizuri zaidi kwa kupapasa. Yalikuwa magumu, aliyakaza mtu aliyekusudia kuondoka. Yeye akenda jikoni, nikamsikia anapima ule mchele, anaimba kidogo, anamwita mwanangu aje kumfungulia mfereji mpya wa bomba maana unafunguka kinyumenyume. Tulikula pale, na fundi pia. Nguo za yule mwanamke tulimpa mama wa Kitanga, akachagua mbili, nyingine akasema za kizee. Nilipomaliza bunda la mwisho ilikuwa imeshaadhiniwa alasiri, na kanga zote zilikuwa kitandani kwake, katika chumba kilekile, chini ya boriti.